'Mtandao uko chini': Kosa si la intaneti kila mara

MJI wa Serikali uliozinduliwa Aprili 13, 2019 eneo la Mtumba, jirani na Ihumwa nje kidogo ya Jiji la Dodoma, umeziweka wizara mahali pamoja. Huduma nyingi za umma, kwa upande wake, hulipiwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017.

Asiyepata namba hiyo hawezi kulipa. Ndiyo maana kauli ya 'mtandao uko chini', inapotamkwa katika dirisha la ofisi yoyote, humgharimu mwananchi nauli ya siku ya pili. Hata hivyo, yawezekana intaneti ipo na seva inafanya kazi, ila imekwisha miunganisho ya kuifikia hifadhidata.

Kufungua muunganisho mpya kwa kila ombi ni kazi ghali, kwani programu hulazimika kwanza kujitambulisha kwa jina na nywila. Aidha, idadi ina kikomo: bila kubadilishwa, PostgreSQL hupokea miunganisho 100 na MySQL 151.

Kwa sababu hiyo, seva hutunza akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa. Ombi huazima mmoja, huutumia, kisha huurudisha. Ni sawa na kisima chenye ndoo kumi: foleni husonga iwapo kila aliyeteka maji anairudisha ndoo. Wakiondoka nazo watu kumi, wengine watasimama ingawa maji yamejaa.

Ndivyo inavyokuwa programu inaposhindwa kuurudisha muunganisho baada ya hitilafu. Akiba huisha taratibu, maombi hukwama, na kuiwasha seva upya huleta nafuu ya muda tu. Dawa ni kuandika programu ili muunganisho urudishwe katika kila hali, kazi ifaulu au isifaulu.

Muunganisho nao una umri. HikariCP, inayotumika sana katika mifumo ya Java, isipobadilishwa huweka miunganisho 10, huliacha ombi lisubiri sekunde 30, na huustaafisha muunganisho baada ya dakika 30, kwani uliokaa muda mrefu huweza kukatwa na vifaa vya mtandao bila programu kujua.

Kuongeza akiba ovyo si suluhisho. Maombi 200 kwa sekunde, kila moja likitumia sekunde 0.05, huhitaji wastani wa miunganisho 10 tu. Kinyume chake, seva kumi zenye akiba ya 20 kila moja hudai miunganisho 200, mara mbili ya kikomo cha kawaida cha PostgreSQL.

Kwa hiyo, kabla ya ofisi kununua intaneti ya kasi zaidi, ni vyema ikahesabu kwanza miunganisho mingapi imeazimwa, na mingapi haijarudi.