Mlima Usio na Theluji na Biashara ya Misimu Minne

Sisi watu wa pwani hatukufundishwa misimu na vitabu. Tumefundishwa na pepo. Ikivuma kaskazi, wazee wetu walijua kwamba majahazi ya Arabuni yamo njiani. Ikija masika, mvuvi alikivuta chombo chake pwani akakaa kutengeneza nyavu. Kusi ilipovuma na kipupwe kikaingia, majahazi yalirudi kwao yalikotoka, na ilipofika vuli mkulima alitia mbegu mara ya pili. Nyumba yenye akili haikutegemea upepo mmoja. Mke wa nahodha aliujua mwezi wa kuweka akiba na mwezi wa kuifungua.

Katika nchi za baridi nako, ndugu msomaji, kuna watu wanaoishi kwa hesabu kama hiyo, ila wao badala ya pepo wana theluji. Milimani Ulaya na Marekani kuna vituo vya mapumziko ambako wageni hufunga mbao ndefu miguuni wakateleza kutoka kileleni hadi bondeni. Vingi ni vikubwa na ni mali ya makampuni. Lakini viko vidogo vilivyo mali ya ukoo mmoja: baba huendesha lifti ya kamba ya chuma ipandishayo watu mlimani, mama yuko jikoni, watoto hufundisha wageni namna ya kusimama wasianguke. Na siku hizi vingi vyao hujitangaza kwa sifa moja: kwamba hufunguliwa misimu yote minne.

Asidhani msomaji kwamba haya hayatuhusu. Mtoto wa Kilifi amelelewa katika nyumba ya namna hiyo. Jina lake ni Sabrina Simader, na alizaliwa hapo Kilifi mwaka 1998. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alichukuliwa kwenda Austria aliko mamake, na baba yake wa kambo alikuwa na lifti yake ya kuwapandishia watelezaji. Yeye ndiye aliyemsimamisha juu ya mbao kwa mara ya kwanza. Mzee huyo alifariki mwaka 2012, lakini mwaka 2018 binti alishindana huko Pyeongchang, Korea Kusini, akawa Mkenya wa kwanza kushiriki mbio za kuteremka mlimani katika Olimpiki ya majira ya baridi. Mwaka ule ule aliozaliwa, Mkenya mwingine, Philip Boit, alikuwa Nagano, Japani, akikimbia kilomita 10 juu ya theluji tambarare. Alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, na mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngojea mwishoni ili amkumbatie.

Hayo ya michezo yamesifiwa sana. Mimi lililonishughulisha ni lile la lifti ya familia. Je, theluji ikiyeyuka, nyumba ile hula nini?

Jibu lake ni kwamba mlima ule ule hufanyishwa kazi nyingine. Majira ya baridi ni ya watelezaji. Theluji ikianza kuondoka ni wakati wa matope, na wenyewe hukagua kamba, hupaka rangi na kupumzika. Jua likikolea, mteremko huota majani. Ng'ombe hupelekwa kulisha pale pale walipoteleza watu, na lifti huwapandisha waenda kwa miguu na wenye baiskeli. Majani ya miti yakigeuka rangi, ng'ombe huteremshwa, na wageni wa aina nyingine huja kutazama. Kwa hiyo mwenye mlima hungoja riziki kutoka milango minne.

Na hakuizua hekima hiyo kwa kupenda. Dunia imezidi joto, na theluji ya milima mifupi haiaminiki tena. Wenye mali hununua mizinga inayorusha maji kama vumbi ili yagande hewani, lakini mizinga hiyo nayo yataka maji mengi, umeme mwingi, na baridi iliyoshuka chini ya sifuri. Mwenye lifti ndogo hana fedha za kupigana vita hivyo kila mwaka. Nyumba nyingi za namna hiyo zimefunga milango.

Nimeyapima mambo haya nikiwa mbali na theluji na mbali na bahari pia: katika miji ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Ukiwa Malaba asubuhi iliyotakata, upande wa Uganda utaliona jiwe kubwa la Tororo, na upande wa kaskazini utauona Mlima Elgon umejinyosha kama mtu aliyelala. Wagisu wanauita Masaba. Kilele chake kirefu, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kimefika mita 4,321. Dereva mmoja wa lori, kijana wa Kilifi, alikuwa akinywa chai karibu nami. Akauelekezea kidole, akaniuliza, "Mzee, mlima mrefu hivi, mbona hatuoni kitu cheupe juu yake? Tungejengewa nasi lifti."

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Barafu ilikuwako Elgon zama za kale sana, na mabonde iliyoyachonga yangaliko huko juu. Leo hakuna. Mvua ya mawe hupiga, na mara chache theluji huanguka, lakini haikai. Mlima huu uko kama digrii moja tu kaskazini ya ikweta, na milima ya ikweta haina miezi ya baridi na miezi ya joto kama ya Austria. Kileleni, mchana ni kiangazi na usiku ni baridi ya kugandisha maji, siku moja na nyingine, mwaka mzima. Kilichoganda usiku, jua la asubuhi hukiyeyusha.

Hakika Afrika inavyo vituo vya kutelezea. Lesotho kuna Afriski, katika milima ya Maluti, mita 3,222 juu ya bahari. Lakini Lesotho iko kusini mno na ina majira ya baridi hasa, kuanzia Juni hadi Agosti, na hata hivyo mizinga ya kutengeneza theluji hutumika. Jamaa zetu walioko Dubai nao wanayo theluji yao tangu mwaka 2005, ndani ya jengo la maduka, nje jua likichoma kupita digrii 40. Hiyo ni theluji ya fedha. Mwenye kisima cha mafuta aweza kuinunua. Mkulima wa Elgon hawezi, wala haihitaji.

Kwa maana mlima huu una biashara yake. Mto Malaba, uliolipa jina lile soko la mpakani, unatoka katika miteremko ya Elgon, unagawa nchi mbili, kisha maji yake yanakwenda Ziwa Kyoga na mwishowe Mto Nili. Kahawa ya miteremko ile inajulikana masoko ya mbali. Upande wa Kenya kuna hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1968, na katika pango la Kitum ndovu huingia gizani usiku kukwangua chumvi ya mwamba. Hayo hayangoji theluji.

Tena baridi imewahi kuutajirisha mpaka huu, japo haikuwa baridi ya hapa. Mwezi wa Julai 1975 jalidi kali ilianguka Brazil ikaua mashamba ya kahawa. Bei ikapanda dunia nzima. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na mkulima wake hakulipwa bei ile, basi kahawa ikavushwa kwa magendo usiku, kwa punda na kwa vichwa vya watu, hadi Chepkube upande wa Bungoma. Wako waliotajirika kwa miezi michache. Bei ilipoanguka, msimu ukaisha, na wengi wakarudi kama walivyokuwa. Walidhani msimu ni mali. Kumbe msimu ni mgeni.

Hilo nililielezwa kwa maneno mepesi na mama mmoja pale Malaba, mjane, mwenye gesti ya vyumba kumi na viwili aliyoachiwa na marehemu mumewe. "Theluji yetu sisi," alisema nilipomsimulia habari za Austria, "ilikuwa ni foleni."

Maana yake ni hii. Zamani lori kutoka Mombasa lililala Malaba siku mbili, tatu, hata zaidi, likingoja karatasi. Dereva na utingo wake walikula, walilala, walifua nguo. Kila siku ya kukawia ilikuwa hasara kwa mwenye mzigo na riziki kwa mwenye gesti. Kisha tangu mwaka 2014 ushuru wa mizigo ya Uganda ukaanza kulipwa kabla mzigo haujatoka Mombasa. Vikajengwa vituo vya pamoja ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Kenyatta na Rais Museveni. Siku zikawa saa. Nchi mbili zikafurahi, na zilikuwa na haki ya kufurahi. Vyumba vya yule mama vikabaki na vitanda vilivyotandikwa visivyolaliwa.

Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ilirudi kwa makumi ya kilomita, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Lakini foleni hiyo haikumfaa kitu, kwa sababu madereva wale wale walikuwa wakiogopwa. Wanawe wakamshauri auze kiwanja, wagawane, kila mtu aende zake.

"Nikawaambia, wanangu, baba yenu hakuniachia foleni. Aliniachia nyumba." Alivigawa vyumba vile. Vinne vikabaki vya wasafiri. Vitano akawapangisha walimu kwa mwezi, na vitatu vya mbele akavitoboa vikawa jiko na ukumbi. Mkwewe hupikia maarusi na maziko. Mwanawe wa pili huleta kahawa ya mlimani msimu wa mavuno, akaichagua na kuiuza. Mama hakutajirika. Lakini kiwanja hakikuuzwa, na wajukuu wanasoma.

Busia nako hawakukosa akili hiyo. Baina ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na mwendo, na wasafiri walichoka kubeba mizigo. Ndipo miaka ya 1960 vijana wakaanza kuwapakia kwa baiskeli, kutoka boda hadi boda, na jina la bodaboda likaenea Afrika Mashariki yote. Hakuna aliyewajengea lifti ya kamba, walijitengenezea yao.

Tungali watoto chuoni tulihifadhi Sura ya Quraysh, na wengi wetu tukaisoma mbio kwa ufupi wake. Tukiitazama vizuri, mna habari ya watu walioishi katika bonde lisilo na mmea, wakapewa uzoefu wa safari mbili, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Hawakufunga duka msimu ulipogeuka. Waligeuka nao, na wakaamrishwa wamshukuru aliyewalisha.

Ubeti huu niliuandika Malaba, nao ni wa yule mama kuliko wangu:

Mlima umesimama, theluji haukuvaa,
Maji yake ni mazima, yashuka kwa manufaa,
Wa bondeni wamelima, hawakushinda na njaa,
Mwenye msimu mmoja, mwakani atashangaa.

Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, milima yetu mitatu iliyobakiwa na barafu, inaipoteza. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imekwisha ifikapo mwaka 2050. Watakaozaliwa leo huenda wakaikuta katika picha tu. Hilo ni la kusikitisha, wala si la Austria peke yake.

Nasi wa pwani tunayo theluji yetu. Malindi, Watamu, Diani na Lamu ziko nyumba nyingi za wageni zinazoishi kwa miezi ya watalii, na ifikapo Aprili zikafungwa, wafanyakazi wakarudishwa makwao hadi Julai. Mwaka 2014 serikali za nje ziliwaonya watu wao wasije, na mwaka 2020 ndege zilisimama. Mara zote mbili tulikaa barazani tukangoja, kama kwamba bahari, minazi, maembe, maulidi na harusi zetu si mali mpaka mgeni ashuke kwenye ndege. Wazee wetu walikuwa na pepo mbili na mvua mbili, wakala mwaka mzima. Mwenye nyumba ya wageni leo na akae na wanawe, aandike miezi kumi na miwili katika karatasi, na mbele ya kila mwezi aandike nyumba italetewa nini na nani. Palipo wazi ndipo pa kuanzia kazi.