Dawa ya Jicho Haiazimwi

Mtu wa Oicha akiamka na jicho jekundu, hakosi washauri. Jirani humletea kichupa alichobakiza mwaka jana. Mwingine humwambia akamue maji ya majani. Wa tatu humwelekeza sokoni. Wote wamtakia mema. Lakini sisi twasema: wekundu ni dalili tu, sio ugonjwa wenyewe, na magonjwa yauletao ni mengi, kila moja na dawa yake.

Oicha yenyewe yatufundisha jambo hili. Katika miaka ya 1930 Mganga Carl Becker, Mmarekani wa misioni ya Kiprotestanti, alianza kazi hapo, akatibu maelfu ya wagonjwa wa ukoma mpaka alipolazimika kuondoka mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba. Ukoma hauharibu vidole tu. Huua mishipa ya fahamu ya kope, jicho lisifumbe hata usingizini. Likakauka, likaingiwa na vumbi, wala mgonjwa asisikie maumivu. Tena huleta uvimbe ndani ya jicho. Kwa uvimbe huo waganga hutia matone ya namna mbili: atropini, ipanuayo mboni ili utando wake wa rangi usigandamane na lenzi, na kortizoni, itulizayo uvimbe.

Basi angalieni: kortizoni hiyo hiyo iokoayo jicho moja hupofusha jingine. Ikitiwa katika jicho lenye kidonda cha virusi au cha kuvu, wekundu hupungua, mgonjwa hufurahi, na kumbe kidonda chazidi kuchimba kioo cha jicho. Ikitumiwa miezi mingi bila kupimwa, yaweza kuongeza kani ya maji ndani ya jicho, nuru ikapotea isirudi.

Ndiyo maana sheria huweka mipaka hata kwa wapima macho wenye elimu. Huko Marekani, jimbo la Rhode Island liliwaruhusu mwaka 1971 kutumia matone ya kupimia. Dawa za kutibia waliruhusiwa kwanza katika West Virginia, mwaka 1976.

Wala hatusemi kwamba dawa zote ni za kuogopwa. Marhamu ya tetrasiklini ya asilimia 1 imeokoa macho ya watoto wengi wenye usaha. Na upofu wa mtoni, uletwao na usubi wa mito iendayo kasi, hautibiwi kwa matone: dawa yake, ivermektini, humezwa, na tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck huitoa bure.

Enyi wazazi, na ninyi wanafunzi mnaowasomea wazazi wenu maandishi ya kichupa: jicho likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, nendeni kwa mganga siku ile ile. Dawa iliyobaki itupwe, asipewe jirani. Chumvi huazimwa, jembe huazimwa. Dawa ya jicho haiazimwi.