Tuyachemshe Maziwa Kabla ya Kuyanywa

Maziwa ni miongoni mwa neema ambazo Mwenyezi Mungu amewaruzuku waja Wake, na ni nadra kukuta nyumba isiyoyatumia kwa chai, uji au futari. Hata hivyo, wapo kati yetu wanaoamini kwamba maziwa yatokayo kiweleni moja kwa moja ndiyo yenye nguvu, na kwamba kuyachemsha ni kuyaharibu. Imani hii ina hatari.

Maziwa mabichi huweza kubeba bakteria kama Brusela, Salmonela, Listeria na wale wa kifua kikuu cha ng'ombe. Baadhi hutoka kwa mnyama mgonjwa, ijapokuwa kwa macho aonekana mzima. Wengine hutoka kwenye kinyesi, mikono ya mkamuaji au mtungi usiooshwa vyema. Kwa kuwa maziwa hayo huenda yasibadilike rangi wala harufu, kuyanusa si kipimo.

Kisiwani Malta, askari wa Uingereza waliteswa miaka mingi na homa isiyojulikana asili yake. Mwaka 1887, daktari David Bruce alitangaza kijidudu kinachoisababisha. Mwaka 1905, Themistocles Zammit akagundua kwamba mbuzi walioonekana wazima ndio waliokibeba. Askari walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka 1906, homa ikapungua mno miongoni mwao.

Homa hiyo, yaani bruselosi, ipo hapa Kenya, kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Mgonjwa hupata homa ya kuja na kuondoka, jasho jingi na maumivu ya viungo, hata akadhaniwa ana malaria. Dawa zake kwa kawaida hunywewa wiki sita. Kwa mama mjamzito, Brusela na Listeria huweza kuharibu mimba. Watoto wachanga na wazee nao wamo hatarini zaidi.

Kinga yake i jikoni mwetu. Viwandani, maziwa hupashwa nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15 tu. Basi sufuria ikichemka hadi maziwa yakafura, vijidudu hivyo hufa, ilhali protini na madini ya kujenga mifupa hubaki. Tuyafunike, tuyatie katika chombo safi, na anayegandisha mtindi auanze kwa maziwa yaliyochemshwa, kwani uchachu pekee hautoshi kuviua vijidudu vyote.

Mama anayeona homa isiyokoma nyumbani mwake, na amwambie daktari waziwazi iwapo jamaa zake hunywa maziwa mabichi. Neno hilo moja huweza kufupisha safari ndefu ya ugonjwa.