Pikapu ya Auto Inasumbua Gia? Cheki Hizi Kabla Ununue Giaboksi

Wasee wa Hilux auto za kitambo, gia zikichelewa kuingia ama zikigonga, usikimbie Grogan kusaka giaboksi.

Anza na oili ya giaboksi. Paki mahali tambarare, injini ikiwa moto na inanguruma, gia kwa P, halafu chomoa kijiti. Ikiwa chini, ongeza aina sahihi, kisha tafuta inavujia wapi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeisha. Hapo tafuta fundi wa giaboksi.

Oili iko fiti? Angalia kebo inayounganisha akseleta na giaboksi. Ikilegea, gia huingia mapema na kuteleza. Ikikazwa sana, zinachelewa na kugonga. Kuirekebisha ni kazi ya spana tu.

Taa ya O/D OFF ikiwaka na kuzima, kompyuta imenasa shida. Isomwe kwanza, ndio utoe doh.