"Mtandao Umepotea": Kauli Moja, Kasoro Mbili

Mkazi wa ghorofa za Nyayo Highrise, mtaa unaopakana na Kibera jijini Nairobi, simu inapomkatikia chumbani husema, "Mtandao umepotea." Makala hii inadhamiria kubainisha kuwa kauli hiyo hubeba kasoro mbili, na kwamba anayezichanganya hukosa dawa.

Kasoro ya kwanza ni udhaifu wa mawimbi. Zege na vyuma vya jengo huyadhoofisha mawimbi yatokayo mnarani. Mawimbi ya masafa ya chini, kama vile megahezi 900, hupenya kuta vyema kuliko yale ya megahezi 1800. Isitoshe, arafa huhitaji nafasi ndogo mno. Ndiyo maana arafa ya M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, huweza kufika chumbani ilhali intaneti imekwama. Dalili yake ni kupungua kwa alama za mawimbi kwenye kioo cha rununu. Dawa ni kusogea dirishani.

Kasoro ya pili ni msongamano. Alama zimejaa, lakini data haisongi, kwa kuwa watumiaji wengi hugawana uwezo wa mnara mmoja. Hapa dirisha halifai kitu. Hata bando jipya, lililonunuliwa kwa fedha za unga, halitaongeza kasi. Linalofaa ni kupakua faili usiku wa manane au alfajiri, wengi wakiwa wamelala.

Kwa hivyo, inafaa kutofautisha "mawimbi hafifu" na "msongamano wa mtandao". Istilahi sahihi humwokolea mkazi fedha zake.