Chaza aliyelazwa maji safi bado ana wenyeji tumboni

Kuna kijana aniuziaye chaza ambaye kila mara hunihakikishia: "Ami, hawa nimewalaza maji safi siku mbili, kula bila wasiwasi." Siku mbili si uzushi. Lakini hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaharisha watu.

Chaza hana pa kukimbilia. Ameganda kwenye mzizi wa mkoko akingoja riziki iletwe na maji. Hufungua gamba, akavuta maji lita kadhaa kwa saa, akanasa vimelea vya mwani kwa ute wa matamvua na kuvipeleka kinywani. Bakteria wa majini huingia kwa mlango huo huo. Wengine humeng'enywa kama chakula, wengine hupita tu, wengine hupata makao. Ndiyo maana wataalamu wakilinganisha bakteria wa utumbo wa chaza na wa maji yanayomzunguka, hawakuti orodha moja. Utumbo huchagua.

E. coli ni mpita njia. Kwao ni matumbo ya binadamu na mifugo, na baharini huletwa na vyoo vyetu. Hori la Tudor limepokea maji taka ya mitaa ya Mombasa miaka mingi. Chaza akihamishiwa maji safi huendelea kuchuja na kunya, na E. coli wengi hutoka naye. Uingereza huwaweka kwa kawaida saa 42, katika maji ya bahari yaliyopitishwa taa ya kuua viini. Maji ya bahari, nasisitiza. Ukimtia chaza maji ya mfereji atafunga gamba, na aliyefunga gamba hasafishi kitu. Tena maji yasiposafishwa kila wakati, uchafu anaonya huyu huvutwa na jirani yake, na mumerudi mlipoanza.

Vibrio ni habari nyingine. Huyu si wa chooni, ni mwenyeji wa bahari yenye joto, na ana jamaa mmoja mnayemjua sana, yule wa kipindupindu. Akiingia kwa chaza hujishika ndani, na maji safi ya siku mbili hayamng'oi. Kwa hiyo chaza anaweza kufaulu kipimo cha E. coli, ambacho Ulaya ni 230 kwa gramu 100 za nyama, na bado akawa na Vibrio.

Kisha kuna jua letu. Marekani walipima chaza hai waliotolewa majini na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 26: ndani ya saa 10, Vibrio waliongezeka kiasi cha mara 50. Karai la sokoni tangu asubuhi hadi alasiri ni hayo hayo, pengine zaidi.

Basi muuzaji awaweke kwenye baridi mara tu wanapotolewa majini, na mpishi awachemshe hadi magamba yafunguke, kisha aongeze dakika tatu hadi tano. Ndimu haiui Vibrio, ingawa najua hoteli zitanuna. Na mwenye maradhi ya ini au kisukari asionje chaza mbichi kabisa, kwa kuwa kuna Vibrio wa aina nyingine ambaye kwake huingia damuni na kuua.