Joto lililowashinda wakimbiaji 28: Funzo kwa wakazi wa Homa Bay na Migori

Huenda wewe ni mmoja wa wale wanaoamka kukimbia kabla ya kwenda kazini, ama unajiandaa kwa mbio za kuchangisha pesa mjini Homa Bay au Migori. Hilo ni jambo jema kwa moyo wako. Lakini je, unajua kwamba joto laweza kumwangusha hata mwanariadha shupavu asiye na ugonjwa wowote?

Usiku wa Septemba 27, 2019, wanawake 68 walianza marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha mjini Doha, Qatar. Mbio hizo zilianza saa sita kasoro dakika moja usiku ili kuepuka jua. Hata hivyo, nyuzijoto zilizidi 30 na hewa ilikuwa imejaa unyevu. Ni wakimbiaji 40 tu waliofika mwisho. Wengine 28 waliacha njiani, baadhi yao wakibebwa kwa machela. Waethiopia wote 3, waliotarajiwa kutamba, hawakumaliza.

Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43. Januari mwaka huo huo alikuwa amekimbia umbali kama huo mjini Dubai, wakati wa baridi kidogo, kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Miguu ilikuwa ile ile, lakini joto lilimla zaidi ya dakika 15.

Kwa nini joto humshinda mtu?

Unapokimbia, sehemu ndogo tu ya nguvu inayotokana na chakula husukuma miguu. Karibu robo tatu hugeuka kuwa joto. Mwili hulitoa joto hilo kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kwa kutoa jasho. Kumbuka kwamba jasho hupoza mwili pale tu linapokauka. Likidondoka chini bila kukauka, umepoteza maji na chumvi bure.

Hapo ndipo wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanapopaswa kuwa macho. Iten, wanakofanyia mazoezi wanariadha wengi, iko kwenye kimo cha mita 2,400 hivi na hewa yake ni baridi. Homa Bay iko karibu nusu ya kimo hicho, kuna joto, na hewa ya ziwa ina unyevu. Jasho huchelewa kukauka, moyo hulazimika kugawa damu kati ya misuli na ngozi, na joto la mwili huzidi kupanda. Likipita nyuzi 40, ubongo, figo na ini huanza kuumia. Hali hiyo huua.

Dalili za hatari

Dalili za kwanza ni kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa kichwa na udhaifu. Dalili kubwa ni kuchanganyikiwa: mtu hupepesuka, hujibu ovyo au huzimia. Katika marathoni ya kwanza ya wanawake kwenye Olimpiki, Los Angeles mwaka 1984, Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani akiyumba, akatumia zaidi ya dakika 5 kumaliza mzunguko wa mwisho. Madaktari walimwacha aendelee kwa kuwa bado alikuwa akitoa jasho. Alipona, lakini usitegemee ishara hiyo. Leo inajulikana kwamba mkimbiaji aweza kupatwa na kiharusi cha joto huku jasho likimtiririka.

Ufanye nini mtu akianguka?

Mpoze kwanza, kisha mpeleke hospitali. Mtoe juani, mvue nguo za ziada, umtumbukize kwenye beseni au karai kubwa la maji baridi, kichwa kikiwa nje. Kama hakuna, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma huku mkimpepea. Nusu saa ya kwanza ndiyo huamua. Kumpakia kwenye bodaboda akiwa bado anaungua ni kumpotezea wakati huo. Usimpe paracetamol, kwani haishushi joto la aina hii, wala usimnyweshe chochote akiwa hana fahamu.

Jinsi ya kujikinga

Kimbia alfajiri. Katika Olimpiki za Tokyo, marathoni ya wanawake ilihamishiwa Sapporo na kuanza saa kumi na mbili asubuhi ya Agosti 7, 2021, saa moja mapema kuliko ilivyopangwa. Peres Jepchirchir na Brigid Kosgei waliipatia Kenya dhahabu na fedha.

Kama umetoka Nairobi au Eldoret, upe mwili siku 10 hadi 14 kuzoea joto kabla ya kujilazimisha. Kunywa maji kulingana na kiu. Kujijaza maji kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu na kwaweza kuua, hasa kwa wanaokimbia polepole kwa saa nyingi.

Usikimbie ukiwa na homa. Malaria ni nyingi katika eneo hili, na mwili wenye homa huanza mbio ukiwa tayari umepanda joto. Ikiwa una ugonjwa wa selimundu, au umeurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, zungumza na daktari kwanza. Vivyo hivyo ikiwa unatumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, kwa maana hukausha maji mwilini. Dawa ya aina hiyo imekatazwa michezoni, na ndiyo iliyomfanya Chepngetich afungiwe miaka 3 mnamo 2025, ingawa ushindi wake wa Doha haukufutwa.

Zaidi ya yote, usione haya kuacha mbio. Wale 28 wa Doha walikuwa miongoni mwa wakimbiaji hodari duniani, na waliacha.